Kijiwe cha kahawa kinaishinda bustani ya hoteli: tathmini ya sehemu za kukaa bure Dodoma

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inampa mfanyakazi aliyepiga kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika zisizopungua 60. Katika ofisi nyingi za Dodoma dakika hizo huishia kwa mama lishe, kwenye foleni ya benki, au kwenye simu. Tathmini hii inahusu matumizi mengine ya muda wa namna hiyo: kukaa bure kwa makusudi, ili jambo lililokwama mezani lijipange kichwani bila kusukumwa. Imeandikwa kwa ajili ya watu ambao kazi yao inadai wazo jipya, si kujaza fomu tu: mchora ramani, mwandishi wa hotuba, mbunifu wa mabango, mwalimu anayetunga mtihani, afisa mipango anayetafuta namna ya kupanga foleni ya wananchi isiyofika barabarani.

Sehemu zilizopimwa ni nne: kijiwe cha kahawa cha mtaani, bustani ya hoteli, Nyerere Square, na treni ya SGR ya kwenda Dar es Salaam. Hukumu tuitoe mapema. Kijiwe ndicho cha kwanza, kwa gharama isiyofika shilingi elfu moja. Bustani ya hoteli, ambayo ndiyo kimbilio la wengi, imeshika mkia. Watu huchagua sehemu kwa kuangalia ulaini wa kiti na ukubwa wa kivuli, na hivyo viwili vinachangia kidogo mno.

Vigezo tulivyotumia

Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aligawa safari ya wazo katika hatua nne: kujiandaa, kuatamia, kuangaziwa na kuhakiki. Hatua ya pili, ya kuliacha jambo lijipange lenyewe kichwani, ndiyo inayonyimwa nafasi maofisini, kwa sababu anayeatamia hana tofauti ya nje na mvivu. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo zinazochangamka zaidi mtu anapokuwa hana shughuli maalumu, na zinazopunguza kasi anapokazana na kitu kilicho mbele yake. Ubongo uliotulia haujalala. Hula karibu moja ya tano ya nishati ya mwili mzima, na ukitwishwa hesabu ngumu ulaji huo haupandi sana.

Jaribio lenye faida kubwa zaidi kwa mtu wa ofisi ni la Benjamin Baird na wenzake, la mwaka 2012. Washiriki walipewa dakika mbili kutaja matumizi yasiyozoeleka ya kitu cha kawaida, kama tofali. Kisha wakagawanywa: kundi moja likapewa dakika 12 za kazi ngumu, jingine kazi nyepesi, jingine likakaa tu, na la mwisho halikupumzika. Waliporudishwa kwenye vitu vilevile, waliopewa kazi nyepesi ndio walioboreka, kwa takribani asilimia 40. Walipopewa vitu vipya ambavyo hawakuwahi kuviwaza, faida hiyo haikuonekana.

Masharti mawili yanatoka hapo moja kwa moja. Kwanza, swali liwe limeshaingia kichwani kabla hujanyanyuka kwenye kiti cha ofisi. Anayetoka mtupu anarudi mtupu. Pili, kukaa bure si kukaa kama gogo: macho au mikono ipate kitu chepesi cha kushughulika nacho. Tukaongeza mengine mawili ambayo hayahitaji maabara: pasiwe na mtu anayekuhitaji, na muda uwe na mwisho unaojulikana. Sehemu zote nne zimepimwa kwa hayo.

Kijiwe

Vifaa vyake vinajulikana: benchi moja au mawili, birika juu ya makaa, vikombe vidogo, ndoo ya maji, sahani ya kashata. Kahawa ni chungu, mara nyingine imetiwa tangawizi, na kwa vijiwe vingi kikombe ni shilingi 100 au 200. Majengo, Chang'ombe na Uhindini havikosekani, na pembeni ya misikiti na masoko ndiko pa kuanzia kutafuta. Kasoro ya kwanza ni ratiba. Kijiwe huchangamka asubuhi na mapema na tena kuanzia alasiri. Saa saba mchana, ofisi zikitoka kula, mara nyingi makaa yamezimwa na benchi linachomwa na jua. Kwa mtumishi wa serikali anayetoka saa 9:30, muda unaofaa ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja, kabla ya kwenda nyumbani. Kwa ofisi binafsi, saa nne asubuhi inafaa iwapo muuzaji anayetembea na birika hupita karibu akigonganisha vikombe.

Nguvu ya kijiwe ipo kwenye ubao wa drafti. Vizibo vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali, wachezaji wawili na watazamaji sita. Mtazamaji anapata kile hasa ambacho jaribio la 2012 linakidai: kitu cha kufuata kwa macho kisichomdai chochote. Ukikosa hatua mbili hakuna hasara. Mawazo yanatoka, yanakwenda kwenye lile swali, yanarudi pale kizibo kinapogongwa kwa kishindo. Ila usicheze. Ukikaa kwenye ubao umejipa kazi ngumu, na kazi ngumu katika lile jaribio haikuleta ahueni ile. Bao ni hivyohivyo, tena zaidi: mashimo 32 na kete 64 havimwachii mtu nafasi ya kuwaza kitu kingine. Watu wengi wenye akili hupotelea hapa kwa nia njema, wanarudi ofisini wakiwaza kete iliyowaponyoka.

Kama hakuna drafti, nunua karanga za kuchemsha zenye maganda badala ya kashata. Kashata inaisha kwa mara tatu. Karanga za mia tano zinakupa vidole vyenye kazi kwa robo saa, na kumenya hakuhitaji akili.

Kigezo cha kutohitajika, kijiwe kinakifaulu kwa namna ambayo bustani za gharama haziwezi. Maneno yanaendelea bila wewe. Aliyenyamaza kijiweni haulizwi kwa nini amenyamaza, wala hafuatwi na menyu. Unasikia nusu ya hoja kuhusu bei ya saruji, nusu ya hoja kuhusu mwamuzi wa jana, na nusu hizo ni malighafi nzuri: wazo mara nyingi huja kwa kugongana na jambo la mbali. Mwisho wa muda nao umo ndani ya huduma yenyewe, maana kikombe hicho kidogo hakimsubiri mtu.

Kahawa yenyewe msiipe sifa isiyo yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas uliochapishwa mwaka 2020 ulitumia miligramu 200 za kafeini: washiriki waliboreka katika kutatua mafumbo yenye jibu moja, lakini hawakuongeza uwezo wa kuzalisha mawazo mapya. Kinacholeta wazo ni benchi. Kafeini nayo huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, hivyo vikombe vitatu vya saa kumi na moja jioni vitadaiwa usiku, na mtu asiyelala hana cha kuatamia kesho yake. Kikombe kimoja, viwili vikizidi. Wasiokunywa wachukue chai ya tangawizi. Matokeo ni yaleyale.

Namna ya kuitumia huduma hii

Dakika tano kabla ya kutoka, chukua karatasi ya A4 ikunje mara mbili iingie mfukoni. Juu yake andika swali moja, kwa sentensi yenye kitenzi na kikomo. "Tangazo la chanjo" si swali. "Nitamfanyaje mama wa Chamwino asome mstari wa pili wa bango hili?" ni swali. Chini yake andika majibu matatu uliyonayo tayari, hata kama ni mabovu, ili kichwa kisipoteze muda kuyarudia. Kisha funga kompyuta kabisa, usiiache ikisubiri.

Tembea. Dakika kumi za miguu zinatosha, na zina thamani yake: jaribio la Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford, la 2014, lilikuta watu wanaotembea wakitoa mawazo mapya kwa wastani wa asilimia 60 zaidi ya waliokaa, hata pale walipotembea kwenye mashine wakitazama ukuta. Ukienda na bodaboda umeitupa sehemu hiyo ya huduma.

Kaa dakika 20 hadi 30. Usilitazame lile swali. Likija lenyewe liache lipite, likija mara ya pili na umbo tofauti, andika maneno matano, si sentensi nzima. Anayeanza kuandika aya kijiweni amerudi ofisini bila kujua.

Ukifika mezani, kabla ya kufungua kompyuta, jipe dakika tano za kuandika kila kilichokuja, kizuri na kibaya. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayoua mavuno. Barua pepe ya kwanza tu inafuta.

Mambo yanayoharibu

Simu inaongoza, na njia inayoingilia ni malipo. Lipa namba imerahisisha mengi, lakini kulipa kahawa ya mia mbili kwa simu ni kufungua skrini, na skrini ikishafunguliwa ujumbe wa kundi la kazini uko pale juu. Tembea na sarafu: mbili za mia mbili na moja ya mia tano zinatosha kahawa na karanga. Simu iache kwenye droo. Kama huwezi, izime, maana kuiweka mezani kifudifudi ni kujidanganya.

Kinachofuata ni kitambulisho cha kazi. Kamba ya shingoni ivuliwe getini. Dodoma ni mji wa viwanja, na mtu mwenye kitambulisho cha ardhi, maji au halmashauri akikaa kijiweni atapata kikombe cha bure na kesi tatu za hati ndani ya dakika kumi. Watu hawana kosa, wamemwona mhusika. Lakini muda umekwisha.

Mwenzako wa ofisini ni kikwazo cha namna yake. Wawili wakitoka pamoja wanaendeleza kikao, na kwa kawaida wanamjadili mkuu wao. Nendeni vijiwe tofauti.

Kuna siku za kuepuka. Siku ya Simba na Yanga, na siku inayofuata, sauti inapanda kiasi kwamba masikio nayo yanakuwa kazini. Kipindi cha Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mji hujaa wageni na vijiwe vya katikati hugeuka kumbi za uchambuzi. Sogea mitaa ya pembeni. Miezi ya kiangazi yenye upepo, hasa kuelekea Septemba, vumbi la Dodoma linaingia kwenye kikombe kabla ya mdomo, basi chagua benchi lenye ukuta upande wa upepo au lililo chini ya mwarobaini. Msimu wa mvua kijiwe kisicho na paa hakitegemeki.

Usafi ndiyo kasoro kubwa ya huduma yenyewe. Vikombe husuuzwa kwenye ndoo moja kutwa nzima. Tafuta muuzaji mwenye ndoo mbili au anayemwagia kikombe maji ya moto kutoka kwenye birika la pili. Asipokuwepo, nenda na kikombe chako. Hakuna atakayeshangaa zaidi ya mara ya kwanza.

Kosa jingine halihusu kijiwe bali mtu: kwenda pale akiwa amechoka mno. Uchovu hauatamii kitu. Aliyepata usingizi wa saa nne tu usiku uliopita anahitaji kitanda, na dakika 30 za benchi zitampa usingizi wa kukaa tu. Vilevile usipeleke kijiweni kazi isiyo na uchaguzi. Kusuluhisha hesabu za benki, kuhakiki orodha ya mishahara, kukagua namba za vocha: hayo yanataka mlango uliofungwa, si drafti.

Bustani ya hoteli

Kikombe kimoja hapa kinanunua vikombe zaidi ya kumi vya kijiweni. Kiti kizuri, kivuli kizuri, intaneti ya bure, na hiyo intaneti ndiyo shida namba moja: mtu anayesema amekwenda kupumzisha akili amefungua kompyuta ndani ya dakika tatu. Shida ya pili ni ya Dodoma zaidi kuliko mji mwingine wowote nchini. Bustani za hoteli zetu ni ukumbi wa nje wa semina. Kila meza ina mtu wa mkoa mwingine aliyekuja kikao, na kati ya kumi wawili wanakufahamu. Utasalimiwa, utasalimia, utaulizwa kuhusu lile faili. Runinga ipo juu ya kaunta, muziki upo kwenye spika, na mhudumu, kwa adabu zake zote, anapita kila baada ya dakika chache kuuliza kama uongezewe kitu. Kwa kukutana na mtu ni pazuri sana. Kwa kukaa bure ni ofisi yenye mito ya kuegemea, na kigezo hata kimoja kati ya vinne hakipiti.

Nyerere Square

Ipo katikati kabisa ya mji, ina sanamu ya Mwalimu, na kuingia hakuhitaji kununua kitu, jambo ambalo ni adimu. Mpango mkuu wa kwanza wa makao makuu, wa mwaka 1976, uliipa Dodoma nafasi za wazi na njia za watembea kwa miguu kwa ukarimu, na ni haki kusema kwamba mji ungekuwa na sehemu nyingi zaidi za namna hii kama mpango ule ungefuatwa neno kwa neno.

Kwa kukaa, hapafai kati ya saa sita na saa tisa. Jua la Dodoma, mita zaidi ya elfu moja juu ya usawa wa bahari, ni kali hata kunapokuwa na ubaridi. Kwa kutembea kuanzia saa kumi, panafaa kuliko kijiwe. Zunguka mara kadhaa kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, upande uleule, bila kuchagua njia upya kila kona, kwa sababu kuchagua njia ni kazi. Wapiga picha watakuita mzunguko wa kwanza. Wa pili wameshakujua. Alama nzuri, ila inategemea saa. Chinangali Park nayo ni nzuri kwa familia, na kwa sababu hiyohiyo haifai kwa jambo hili siku za mwisho wa wiki.

Treni ya SGR

Hii ni kwa maswali makubwa: muundo wa ripoti nzima, jina la mradi, mpango wa mwaka. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 2024, na uzinduzi rasmi ulikuwa tarehe 1 Agosti mwaka huo. Treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa na safari inachukua saa tatu na ushee hadi nne. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati wa kuanza ilikuwa shilingi 31,000, hivyo hakuna anayeshauriwa kuipanda kwa ajili ya kuwaza tu. Lakini Dodoma imejaa watu ambao watapanda hata hivyo kwa sababu ya vikao, na wengi wao wanaitumia vibaya: kompyuta inafunguliwa kabla treni haijatoka Dodoma na inafungwa Dar.

Kwa vigezo vyetu treni ina alama za juu. Huendeshi, huwezi kushuka, mwisho unajulikana kwa dakika, na dirisha linafanya kazi ya ubao wa drafti. Mandhari yenyewe hubadilika kwa mpango mzuri: nyika kavu ya Ugogo mwanzoni, kisha milima ya Kilosa ambako reli inapita kwenye mahandaki, kisha uwanda hadi Morogoro na Uluguru ikiwa upande wa kulia kwa anayekwenda Dar. Chukua treni ya mchana, kiti cha dirishani, upande huo wa kulia. Treni ya usiku inakupa kioo cheusi na sura yako mwenyewe.

Gawanya safari. Kuanzia Dodoma hadi maeneo ya Gulwe, soma faili la swali lako, kwa makini, kwa kalamu. Hapo funga kila kitu. Kutoka Gulwe hadi Morogoro usifanye lolote isipokuwa kutazama nje; muda huu utaonekana mrefu na mkono utatafuta simu mwenyewe, hasa dakika 15 za kwanza. Huo uchovu wa kukosa cha kufanya ndio unaolipa, usiukimbie kwa filamu. Baada ya Morogoro andika. Ikiwa kikao chako Dar kinaanza mara tu baada ya kushuka, mpango huu hautafanya kazi wakati wa kwenda, kwa kuwa akili itakuwa imeshafika kikaoni. Ufanye wakati wa kurudi.

Kwa wakuu wa ofisi

Maofisa wengine wataogopa kuonekana kijiweni saa za kazi, na wana sababu. Suala hilo halitatuliwi na mfanyakazi. Mkuu aandike waraka wa mistari mitatu: nani, siku gani, dakika ngapi. Tunapendekeza dakika 40 mara mbili kwa wiki. Hizo ni dakika 80 katika wiki ya saa 45 ambayo sheria inaiweka kama kikomo cha saa za kawaida, yaani hazifiki asilimia 3. Na zitoke kwenye saa za kazi, si kwenye yale mapumziko ya dakika 60. Mapumziko ni ya mfanyakazi, ya kula na kuswali. Sheria inamruhusu mwajiri kuyaingilia pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine.

Asimuulize anayerudi "umeleta nini?" Swali hilo likiulizwa mara mbili, watu wataanza kuandaa majibu kabla ya kutoka, na huduma nzima imekufa. Pima kwa robo mwaka, kwa kuangalia kazi zenyewe. Kampuni ya 3M ya Marekani imewaachia wataalamu wake asilimia 15 ya muda tangu 1948, na hata huko mambo hayakwenda kwa haraka: gundi dhaifu ya Spencer Silver ilipatikana 1968, Art Fry akaipatia matumizi 1974, na karatasi za Post-it, zile ndogo za kubandika na kubandua, zikaingia sokoni Marekani nzima mwaka 1980. Mkuu anayetaka matokeo Ijumaa hii asianze.

Kosa la mwisho la maofisi ni kugeuza jambo hili kuwa shughuli. Ukumbi unakodiwa, mwezeshaji anaitwa, posho inalipwa, watu wanakalishwa kwenye duara waambiane mawazo. Hayo ni semina, nazo zina faida zake, lakini hakuna aliyekaa bure humo.

Wa Mtumba

Walioko Mji wa Serikali wana tatizo la umbali. Mtumba ni takribani kilomita 17 kutoka katikati ya mji, na hakuna dakika 40 zinazotosha kwenda Majengo na kurudi. Kahawa ya kupitishwa na birika ni ya kubahatisha huko. Kinachowezekana ni kutembea kati ya wizara moja na nyingine kabla jua halijapanda, karanga mfukoni, simu ofisini, au kukaa kwa mama lishe saa nne asubuhi wakati wa chai, kabla ya msongamano wa mchana. Daladala ya kurudi mjini inaweza kusaidia ukipata siti ya dirishani; ukisimama, sahau, maana kushika bomba, kulinda begi na kumsikiliza konda ni kazi tatu kwa pamoja. Wenye magari binafsi wanaojiendesha wazime redio, na wakipata wazo wasiandike hadi wafike. Walitamke kwa sauti mara mbili, linakaa.